Mkono Unaopisha

Gari la mbio za Mfuo, ule mchezo wa skrini wa ukumbini kwangu, halina usukani. Wageni wote huutafuta, wakipapasa meza kama mtu aliyepoteza miwani, nami huwaacha wapapase kidogo kwa sababu siku zangu hazina burudani nyingi. Huyu wa siku ile hakupapasa. Aliketi, akaweka kidole cha shahada kwenye triga, akasubiri nimfundishe jambo ambalo kidole chake kilikuwa kinalijua tayari.

Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka.

Alisema anaitwa Nsiande, ametoka Same, yuko Tukuyu kwa mapumziko. Nikamwambia mtu anayekuja kupumzika Tukuyu mvua za Machi zikiwa zimepamba moto, ama amekosana na daktari wake ama anamkimbia mume. Akacheka. Alicheka vizuri tu, lakini macho yake hayakuondoka kwenye skrini, kwenye gari namba tatu.

“Nianzeje, mzee?”

Nikamwanzisha kama ninavyowaanzisha wote. Gari lina ulimi chini ya tumbo. Ulimi huo umezama kwenye mfuo, yaani ufa mwembamba uliochongwa barabarani, na ndio unaolishika gari njiani na kulilisha umeme. Kwa hiyo huendi kushoto wala kulia, mfuo umekwisha kukuamulia. Kazi yako ni kuchagua mwendo. Ukibonyeza triga gari linakwenda, ukiachia linapungua. Ukiingia kona na moto mwingi, ulimi unachomoka, gari linaruka kichakani, na ukumbi mzima unapata cha kuzungumza mpaka kesho.

“Basi ni rahisi,” akasema.

“Rahisi kama kunyamaza,” nikamwambia. “Jaribu uone.”

Mzunguko wa kwanza alitoka njiani kwa makusudi, kama mtu anayejikwaa ili asijulikane kuwa ni mcheza ngoma. Nikaendelea kumfundisha, maana mwongo naye ana haki ya kufundishwa. Kona haiamuliwi ndani ya kona, huamuliwa kabla. Achia mapema, ngoja ulimi utulie, kisha bonyeza ukiwa bado hujauona mwisho wa kona. Sikiliza kwa kidole. Triga ya Mfuo hukisukuma kidole kwa nguvu ileile ambayo barabara inausukuma ulimi: kokoto utaihisi, majimaji utayahisi, na gari likitaka kuruka litakuambia kabla halijaruka, ila kwa sauti ya chini. Kupitana ni kwenye vipisho. Kipisho ni mfuo mfupi wa pembeni unaochepuka kutoka njia kuu na kuirudia mbele kidogo. Ukigonga triga mara mbili, gari linaingia humo. Mwenye mbio hukitumia kupita, mwenye adabu hukitumia kupisha. Na kwenye ukungu, ambao mchezo huu unao kwa wingi kama sisi wenyewe, skrini haina msaada wowote. Funga macho ukipenda.

Alipokwisha kuzunguka vya kutosha kuniridhisha kwamba hajui, akauliza swali ambalo mgeni haulizi.

“Na lile namba tatu, mbona linaogopa?”

“Haliogopi,” nikasema. “Lina adabu.”

Namba tatu ni gari la Subilaga, mke wa mwanangu Lusekelo. Namba moja ni langu. Kwetu Unyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Akiniona njiani anachepuka na kujisitiri pembeni mpaka nipite. Nami nikijua yuko uani nakohoa kutoka mbali apate nafasi. Siku hizi wengi wameiacha mila hiyo, na mimi nilimwambia Lusekelo kwamba mwenzake asijisumbue kwa ajili yangu. Jibu lililorudi ni kwamba mama yake alimlea hivyo na yeye hana mpango wa kulelewa upya. Tukaishi hivyo, vizuri kabisa, hata Lusekelo alipoenda kaskazini kufanya kazi kwenye mashamba ya umeme wa jua. Kisha mchezo ukaja, ikaonekana wote wawili tunaupenda. Nikajenga ukuta wa mianzi katikati ya ukumbi, ambao zamani ulikuwa ghala la kahawa. Mimi upande wa dirisha, yeye upande wa mlango wa nyuma.

Sikuwaza kwamba adabu ingevuka ukuta na kuingia kwenye skrini. Ilivuka. Nikimkaribia kutoka nyuma, tiki-tiki, gari lake linaingia kipisho na kusimama mpaka langu litokomee. Nikiwa mbele, hukaa mbali kabisa, hataki hata vumbi langu limwone.

Nsiande akauliza kama Subilaga amewahi kunishinda. Nikamwonyesha picha yangu juu ya mlango, bingwa wa Nyanda za Juu Kusini, nimetabasamu kama mgombea. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, na mimi ni mtu ninayeipenda sana picha ile.

*

Meza zote, triga zote na umeme wake tulipewa bure na kampuni iitwayo Mkondo, ambayo ndiyo iliyochonga barabara ya kweli ya mfuo, ileile inayoonekana kwenye mchezo, kutoka Mbeya kushuka Tukuyu mpaka ziwani. Nimepata vitu vya bure vya kutosha katika maisha yangu. Kila kimoja kilikuja baadaye kuniuliza ninakaa wapi. Kwa hiyo tangu mwanzo nilikuwa nautazama mchezo kwa jicho moja, na jicho la pili nikiliacha lifurahi.

Na lilifurahi kweli. Nilikuwa dereva wa lori la mizigo, Tunduma mpaka bandarini, hadi malori yalipojifunza kujiendesha. Nikapewa kofia yenye jina la kampuni na kupigwa bega. Nikarudi nyumbani na mikono miwili isiyojua pa kukaa. Mwaka uleule mama yake Lusekelo akafariki. Mtu akinikuta ukumbini nikipiga kelele na kuwatania vijana, asidhani nilizaliwa na bahati. Mfuo ulinirudishia kidole kimoja cha kazi, na mimi nilikishika hicho.

Ndiyo maana sikuwahi kupanda magari ya barabara ile. Watu huyaita konokono, kwa sababu huufuata mstari wao bila kuuliza. Yana viti sita, hayana dereva, na mimi niliapa kwamba chombo kilichonifukuza kazi hakitanibeba hata nikifa. Kisha jino likaanza kuuma. Jino la gego, upande wa kulia, halina habari na viapo. Asubuhi ya tatu nilipanda konokono kwenda Mbeya nikiwa nimefungwa kitambaa kichwani kama mwali.

Tuliondoka taratibu. Kabla ya kona ya kwanza konokono alipunguza mwendo mapema, mapema kiasi kwamba kijana aliyekaa mbele yangu alisonya. Akatulia. Katikati ya kona akaongeza kidogo, akaacha, akaongeza tena, kama mama anayejaribu joto la maji ya kumwogesha mtoto. Nikaacha kulifikiria jino.

Kona ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimeusikia mwendo huo kupitia mianzi. Triga ya Subilaga hulia tiki moja, kimya kirefu, kisha mbili ndogo. Hakuna mwingine ukumbini anayebonyeza hivyo; mimi nilishawahi kumtania kupitia kwa watu kwamba anaendesha kama anayepuliza uji. Na sasa huo mwendo ulikuwa chini ya kiti changu, unanipandisha mlima.

Nawaomba mnielewe. Mwanamke ambaye sijawahi kumwona uso alikuwa amenibeba. Nilijisogeza pembeni ya kiti kana kwamba hilo lingesaidia.

Tulipofika Isongole ukungu ulikuwa umelala barabarani. Hapo nyuma yetu nikasikia konokono mwingine akija kwa kasi, na kabla sijageuza shingo wetu akaingia kipisho na kusimama. Alisimama kwa haraka mno. Kichwa kiliingia, mkia ukabaki nje kwenye njia kuu. Yule wa nyuma akapita kwa kishindo, akatukwaruza ubavuni, kioo kikapasuka, na mama mmoja akamkumbatia mtoto wake na kuniegemea mimi, na jino langu, kwa nguvu zake zote.

Hakuna aliyeumia. Lakini yule aliyetupita alikuwa na haraka ya kipumbavu ambayo niliipenda papo hapo, na hilo ndilo lililonitisha. Niliijua haraka ile. Nilizaliwa nayo.

Jino likang'olewa. Wakati wa kurudi nilikaa kituoni nikiwatazama konokono wakiingia na kutoka, mpaka alipotokea mmoja aliyeingia kwa mbwembwe na kusimama kwa kushtua. Nikampanda huyo. Kwa nusu ya safari nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoani. Alikuwa mimi. Aliingia kona nilipoingia mimi, akaachia nilipoachia, akachapa mteremko kwa ile tamaa yangu ya kuona mwisho. Nilikuwa ninaendesha tena, na abiria ndani, barabara ya kweli, mlima wa kweli. Machozi yalinitoka, nikawaambia jirani zangu ni ganzi ya daktari.

Kisha tukaingia ukungu wa Isongole tukishuka. Hapa mimi huongeza, nikakumbuka. Nikiwa ukumbini, kwenye ukungu huu huwa naongeza, kwa sababu watu hupenda kuona.

Akaongeza.

Ulimi ukalia chini yetu kama kisu kwenye sahani. Konokono akainuka upande mmoja. Binti aliyekuwa na ndoo ya mayai miguuni aliinama juu yake, mzee mmoja akaanza kusali kwa Kinyakyusa, na kwa kitambo fulani hatukuwa na barabara. Tukarudi chini. Mfuo ukatushika. Mpaka Kiwira nilikuwa naitazama mikono yangu mapajani, iliyokuwa imetulia kabisa, kama si yenyewe.

*

Nilimkuta Nsiande amekaa kibarazani pa ukumbi akinywa chai. Nilimwambia, kwa shavu lililovimba na ulimi uliokufa ganzi nusu, kwamba yeye si mtu wa mapumziko na kwamba akinidanganya tena nitamfundisha kupika ndizi kwa siku nzima. Nadhani aliyaelewa maneno mawili tu. Yalitosha.

Akanieleza. Yeye ni mhandisi wa Mkondo. Kompyuta zao ziliweza kuendesha konokono tambarare, lakini milimani, kwenye ukungu na utelezi, zilisimama kila mara au zikaruka. Kuzifundisha kwa abiria haikuwezekana. Ndipo wakabuni mchezo, wakaugawa bure kwa watu wa milimani waliozaliwa na utelezi. Kila triga hupeleka kwao namna kidole kinavyobonyeza, wapi, kwa uzito gani, kwa kusita kiasi gani. Wanaita hiyo “mkono”. Mkono ukishakomaa huwekwa ndani ya konokono na kuachwa uendeshe. Hapa kwetu walikuwa wamechukua mikono miwili tu, wa kwanza na wa tatu, yaani wangu na wa Subilaga.

Nilimwuliza ni nani aliyeombwa ruhusa. Akasema tulipowasha triga mara ya kwanza palikuwa na maandishi. Nikamwambia palikuwa na maandishi, ndiyo, marefu kuliko misa ya Krismasi, na kila mtu aliyapitisha kwa kidole ili mbio zianze. Hakujitetea. Hilo lilinifanya nimwamini kidogo, na kumshuku zaidi.

Akaendelea. Mkono wa tatu una kasoro. Ukikutana na wa kwanza barabarani unaingia kipisho na kusimama ghafla, hata pasipo nafasi, maana gari la mchezo ni fupi na konokono ana mkia. Wiki iliyopita mama mmoja alivunjika mkono kwa sababu hiyo. Wakubwa wake wameamua mikono miwili isiyopatana isikae barabara moja. Utabaki ule wenye matokeo bora na mwingine utafutwa. Mashindano ya Jumamosi ndiyo ya kufunga hesabu. Na Subilaga hajawahi kumaliza mbele yangu.

“Kwa hiyo utabaki mkono wako, mzee. Wataueneza barabara nzima, na baadaye mikoa mingine.”

Sitadanganya, kifua kilipanuka. Malori yote yaliyonifukuza, na sasa mlima mzima utakwenda ninavyotaka mimi. Nilibaki na kifua hicho kwa muda wa kumeza chai funda moja.

“Kwa nini unaniambia?” nikamwuliza.

Akasema aliwaeleza wakubwa habari za mila, baada ya mimi kumweleza. Walimjibu kwamba konokono anayesimama kwa adabu ni konokono aliyesimama. Mashine haipokei maelezo, hupokea matokeo. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama nimepanda konokono wowote karibuni. Nikagusa shavu. Akasema yeye alishuka kutoka Mbeya katika ukungu na alijua, kwa namna alivyokishika kiti, ni mkono upi uliombeba.

Sasa nikaliona shimo lote. Mkono wa Subilaga unasimama kwa sababu ya mmoja tu, na huyo ni mimi. Mkono wangu unaruka kwa ajili ya kila mtu. Nikiachia triga Jumamosi ili anipite, mashine itajua, akasema Nsiande. Mchezaji anayelegea makusudi hutambulika kwa kidole, na mbio zake hufutwa zisihesabiwe. Lazima nicheze kwa ukweli na nishindwe kwa ukweli. Na yule wa kunishinda anaona kunipita ni kama kunivua nguo sokoni.

“Umwambie,” akasema Nsiande.

“Siwezi kumwambia. Wewe utamwambia. Mimi nitakuwepo.”

*

Tulifanya hivyo mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Subilaga alikaa upande wake wa mianzi, mimi wangu, na Nsiande akasimama kwenye mwanya kama mlinda lango asiyejua timu yake. Kila mmoja wetu alisikia kila neno, lakini neno halina heshima mpaka lipite kwa mtu wa tatu. Nsiande alianza kuchoka kurudia, nikamtania kwamba miaka yote ya chuo haikumwandaa kwa kazi ya kuwa simu.

Alieleza yote. Kisha Subilaga akazungumza, na haikuwa sauti ya mtu anayejisitiri.

“Mwambie baba kwamba mimi nilidhani nacheza.”

“Anasema alidhani anacheza,” akasema Nsiande, uso umemwiva.

Akauliza kama abiria wanajua ni nani anayewaendesha. Hawajui. Akauliza yule mama aliyevunjika mkono anaitwa nani. Nsiande alilijua jina, akalitaja, Tumpe wa Masoko. Subilaga akasema kwamba kuna mama Masoko aliyevunjwa mkono na kidole chake, wakati yeye amekaa hapa anakunywa togwa na kucheka. Akasema wafute mkono wake hata leo, hauhitaji.

Nikamwambia Nsiande amwambie mama, ndivyo ninavyomwita mkamwana wangu, kwamba ukifutwa utabaki wangu, na kwamba mimi nimeupanda wangu. Nikaeleza kuhusu binti mwenye ndoo ya mayai. Nilijaribu kulisema kwa utani, nikashindwa katikati. Nikasema wa kwake ulinifikisha Mbeya, na kama si mkia usingekuwa na kasoro yoyote. Nikamwomba Jumamosi anipite.

“Mwambie baba siwezi.” Akaongeza, “Si kwamba sitaki. Kidole hakiendi. Nimejaribu nikiwa peke yangu na gari lake lililorekodiwa, na hakiendi.”

Basi hata yeye alikuwa na lake. Alitaka kunipita. Alikuwa amejaribu.

Mwisho alitoa sharti moja. Mkono wake usibaki barabarani hata siku moja zaidi kama watu hawajaambiwa. Kabla ya mbio za Jumamosi Nsiande asimame mbele ya ukumbi wote aseme mchezo huu unafanya nini. Baada ya hapo kila mtu aamue kuhusu kidole chake, na yeye ataamua kuhusu chake, na akitaka kukirudisha nyumbani arudishiwe. Nsiande alijua kwamba akisema hivyo hadharani hatakuwa na kazi Jumatatu. Nilimwona akilitafuna hilo. Akakubali, na mimi nikabaki kujiuliza kama mtu wa Mkondo anaweza kukubali kitu kwa moyo mweupe, au kuna mchezo mwingine nyuma ya huu ambao bado sijaiona triga yake.

*

Jumamosi alisimama akasema. Hakulainisha. Wengine waliinuka wakaondoka, na fundi wa redio aitwaye Anyelwisye aliweka triga yake mezani taratibu, kama mtu anayerudisha sahani kwenye harusi aliyogundua hakualikwa. Wengine walivimba vichwa, wakataka kujua ni lini mikono yao itakomaa. Mpishi wa shule alilia. Subilaga hakutoka. Nilisikia kiti chake kikisogea mezani, nami nikakaa kwenye changu.

Mbio zikaanza na nilicheza kwa ukweli. Nilijaribu hila moja tu: kwenye mnyoosho wa kwanza niliingia kipisho mimi mwenyewe, nikasubiri anipite. Gari namba tatu likafika, likasimama nyuma ya kipisho. Halikuja. Magari yetu mawili yakabaki hapo, la baba mkwe kwenye kichochoro na la mkamwana njiani, kila moja likimngoja mwenzake, na magari mengine yakaanza kupanga foleni nyuma. Mtu akauliza kama mtambo umekufa. Taa ya onyo ikaanza kuwaka kwenye meza yangu, ile ya kulegea. Nikaondoka kabla mbio hazijafutwa.

Tukaingia ukungu. Skrini ikawa nyeupe, nikabaki na kidole. Nyuma yangu, kupitia mianzi, nilimsikia akija: tiki, kimya, tiki-tiki. Alikuwa na mwendo mzuri kuliko wangu. Miaka yote miwili alikuwa na mwendo mzuri kuliko wangu, na ameutumia kubaki nyuma.

Kona kubwa ilikuwa mbele. Kidole kilianza kuniambia, kwa sauti ya chini, kwamba moto umezidi. Kilikuwa kimeniambia hivyo mara nyingi, na mara nyingi nilisikia na kuachia kidogo, dakika ya mwisho kabisa, nikapita kwa bahati na watu wakapiga makofi. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yote ya bingwa. Nikafikiria lori langu. Nikafikiria mlima mzima ukienda ninavyotaka mimi. Ilikuwa mara ya pili kunyang'anywa barabara, ila sasa mnyang'anyi ni mimi, na kofia sina.

Kwa desturi yetu, mwanamke ndiye anayetoka njiani. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mzee haruhusiwi.

Nikabonyeza, sikuachia.

Hakikuwa kidole cha kulegea. Mashine haikuwa na la kunilaumu. Ulikuwa mkono wangu mwenyewe, ukifanya kile ulichokuwa unataka kufanya siku zote. Triga ilipiga kidole mara moja kwa nguvu kisha ikawa nyepesi kabisa, wepesi wa kitu kisichogusa tena ardhi. Gari namba moja liliruka ukingoni, likapinduka na kutoweka kwenye weupe, na njia ikabaki tupu.

Kwa mara ya kwanza ukumbini hapakuwa na mtu wa kunicheka.

Nilisubiri nisikie namba tatu ikipita. Badala yake nikaisikia ikipungua mwendo, ikapungua zaidi, na ilipofika palepale nilipotoka njiani ikasimama. Upande wa pili wa mianzi Subilaga alimwita Nsiande, kwa sauti ya mtu ambaye ameshashuka garini na anakimbia.

“Muulize baba kama ameumia.”

Nsiande alikuja kwenye mwanya akanitazama.

“Mwambie mama asisimame,” nikasema. “Ana abiria.”

Hakuhitaji kumwambia. Gari likaondoka.